Kordilaini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Shina lake ni la mti, kichwa chake ni fungu la majani marefu yaliyochomoza kila upande, na wengi wanaoinunua huibeba nyumbani ikiwa na jina lisilo lake. Ukurasa huu unajibu maswali yanayorudi tena na tena kuhusu jenasi ya Cordyline: ni mmea gani, una spishi ngapi, unatoka wapi, unaliwa au hauliwi, na kwa nini ule wa kwenye chungu unakauka ncha. Mwenye haraka aanze na swali la drasena, ambalo jibu lake liko kwenye mizizi. Mengi ya mengine yanatokana na hapo.

Kordilaini ni aina ya mnazi?

Hapana, na hata ndugu wa karibu si. Mnazi, mtende, mvumo na mkoma ni wa familia ya Arecaceae. Kordilaini ni ya Asparagaceae, familia moja na asparaga, mkonge na drasena. Zote hizi ni monokotiledoni, yaani mbegu huota na jani moja na mishipa ya jani hukimbia sambamba. Undugu wao unaishia hapo.

Ukisimama mbele ya mti wenyewe, angalia jani kwanza. La mnazi limechanika vipande vipande pande mbili za uti, lakini la kordilaini ni bapa moja zima kama upanga. Halafu angalia shina. Mnazi hunyooka juu bila tawi hadi mwisho wa maisha yake (mkoma hugawanyika, lakini huo ni kituko katika jamii yake). Kordilaini nyingi hutoa matawi, na mti mzee huwa na vichwa kadhaa, kila kimoja na fungu lake la majani.

Tofauti kubwa zaidi haionekani kwa nje. Unene wa shina la mnazi hupatikana mapema, na baada ya hapo mti unapanda juu tu. Kordilaini ina tabaka hai chini ya gome linaloongeza nyama ya shina mwaka hadi mwaka, jambo ambalo ni nadra kwa monokotiledoni. Ndiyo maana zipo zenye mashina ya kutisha. Mti mmoja wa Cordyline australis ulioko Pakawau, kaskazini mwa Kisiwa cha Kusini cha Nyuzilandi, una urefu wa mita 17 hivi na mzingo wa mita 9 kwenye tako lake, na umri wake unakadiriwa kuwa miaka 400 hadi 500. Ni makadirio tu, kwa sababu shina hili halina pete za mwaka za kuhesabu.

Na drasena je? Mbona zinafanana mno?

Hata wataalamu walizichanganya. Georg Forster alipoiandika rasmi Cordyline australis mwaka 1786 aliiita Dracaena australis, na ilikaa na jina hilo mpaka Stephan Endlicher alipoihamishia Cordyline mwaka 1833. Wauza maua wengine hawajapata habari hiyo bado. Utaikuta sokoni ikiwa imeandikwa drasena, na mara nyingine drasena imeandikwa kordilaini.

Majani hayatakusaidia sana. Spishi fulani za kordilaini zina kikonyo kinachoonekana wazi, nyingine hazina, na drasena nazo ni hivyo hivyo. Rangi nayo si ya kutegemea, maana jenasi zote mbili zina aina zenye mistari na aina nyekundu.

Jibu liko kwenye mizizi. Toa mmea kwenye chungu, kung'uta udongo, kata kipande kidogo cha mzizi. Ukiwa mweupe, hiyo ni kordilaini. Ukiwa wa manjano au wa rangi ya chungwa, hiyo ni drasena. Wakati huo huo tafuta kitu kinene chenye vinundu kinachoelekea chini kutoka kwenye tako la shina. Kordilaini ina shina la pili chini ya ardhi, tunguu linalokua kuelekea chini badala ya juu. Mche mchanga ukiung'oa utaliona limechongoka kama karoti, na mizizi myembamba imetoka ubavuni mwake. Watu wengi wanaobadilisha chungu kwa mara ya kwanza hulidhani ni mzizi uliovimba kwa ugonjwa, wakalikata. Usilikate, maana hiyo ndiyo akiba ya mmea.

Ikiwa mmea wako umeshazaa, kuna njia nyingine. Tunda la drasena huwa na mbegu moja hadi tatu, kwa kuwa kila chumba cha ovari kina kijiyai kimoja tu. Kordilaini huwa na vijiyai kadhaa katika kila chumba, hivyo tunda dogo huweza kubeba mbegu nyingi nyeusi zinazong'aa.

Jenasi hii ina spishi ngapi?

Zinazokubaliwa leo ni kama 24. Idadi huyumba kidogo kila orodha inapopitiwa upya.

Kwao ni wapi?

Pasifiki ndiyo kitovu: Nyuzilandi, mashariki mwa Australia, Guinea Mpya, Kaledonia Mpya na visiwa vya jirani, kisha kusini-mashariki mwa Asia. Nyuzilandi ina spishi tano za asili na Australia ina nane.

Halafu kuna vipande viwili vilivyo mbali na wenzao. Spishi moja iko Amerika Kusini, kuanzia Brazili na nchi zinazopakana nayo. Nyingine, Cordyline mauritiana, iko Reunion na Morisi, katikati ya Bahari ya Hindi. Hiyo ndiyo ya karibu zaidi na Afrika kwa asili. Barani Afrika kwenyewe hakuna kordilaini ya porini hata moja, na kila unayoiona huko ililetwa na mtu. Ukikuta mmea unaofanana nayo msituni Afrika, uwezekano mkubwa ni drasena.

Ile inayofanana na mti hasa ni ipi?

Cordyline australis. Hufikia mita 20, majani yake yana urefu wa sentimita 40 hadi mita moja, na huanzia upande mmoja wa Nyuzilandi hadi mwingine, kutoka ncha ya kaskazini karibu mpaka kusini kabisa. Wamaori, wenyeji wa asili wa Nyuzilandi, huiita tī kōuka. Mabaharia na walowezi wa Kizungu waliuita mti wa kabeji kwa sababu walikata kichaka cha majani machanga katikati ya kichwa wakakipika kama mboga.

Ni mti wa mahali palipo wazi: kingo za mabwawa, mabonde ya mito, miteremko iliyoungua. Kivuli cha msitu haukipendi. Mche huanza na fundo moja la majani lililonyooka juu ya shina moja, na hukaa hivyo kwa miaka. Porini huchukua takriban miaka sita hadi kumi kabla ya kuchanua mara ya kwanza. Ua la kwanza hutokea kwenye ncha ya kukua, na likishatoka ncha ile imekwisha kazi. Machipukizi mapya huchukua nafasi yake pembeni, na hapo ndipo shina moja hugeuka matawi mawili au matatu. Kila uchanuaji huongeza mgawanyiko mwingine. Kwa hiyo ukiona kordilaini yenye kichwa kimoja tu, jua haijachanua bado. Ukiiona yenye vichwa hamsini, imechanua mara nyingi.

Nyingine za Nyuzilandi zikoje?

Cordyline indivisa ni ya milimani, kwenye ubaridi na unyevu. Ina shina nene lisilogawanyika kirahisi na majani mapana kuliko ya wenzake wote, yanayoweza kufika urefu wa mita mbili. Shada lake la maua halisimami, linaning'inia chini ya majani. Kwa macho yangu ndiyo nzuri kupita zote, na ndiyo inayowaumiza wakulima wengi zaidi: ipeleke nyanda za chini zenye joto na udongo unaokauka, itanyauka bila hata kukupa nafasi ya kujuta. Nyuzi zake ni ngumu na zinadumu, na Wamaori walizitumia kutengenezea mavazi ya kujitanda.

Cordyline banksii ni ya msituni. Huwa na mashina kadhaa kutoka tako moja na majani yanayolala. Cordyline obtecta ni ya visiwa vidogo vya kaskazini pamoja na kisiwa cha Norfolk. Cordyline pumilio ni kibeti. Haina shina la kusema, inafanana na fungu la nyasi, na unaweza kuipita mara kumi usijue kwamba ni ndugu wa mti wa mita 20.

Na za Australia?

Ni nyembamba, za msituni, za kimo cha kichaka. Cordyline stricta ina maua ya zambarau na matunda meusi. Cordyline rubra na Cordyline petiolaris huzaa matunda mekundu yanayoning'inia kwa vishada, na watu hupanda mimea hii kwa ajili ya matunda hayo kuliko maua. Wanaotafuta kordilaini ya kuvumilia kivuli waanzie hapa.

Ile nyekundu ya bustanini ni spishi gani?

Karibu kila mara ni Cordyline fruticosa. Kwenye vibandiko vya zamani utaikuta kama Cordyline terminalis, na mmea ni huo huo. Ya asili ina majani ya kijani, mapana, yenye kikonyo, urefu wa sentimita 30 hadi 60. Rangi zote nyingine, yaani damu ya mzee, waridi, zambarau, njano yenye mistari, ni kazi ya watu waliochagua na kuzalisha kwa vizazi vingi.

Hii ndiyo iliyosafiri kuliko ndugu zake wote. Wapolinesia waliibeba kwenye mitumbwi yao ya safari ndefu pamoja na viazi vikuu na magimbi, wakaipanda kila kisiwa walichofikia mpaka Hawaii, na kusini hadi sehemu zenye joto za Nyuzilandi. Ilikuwa rahisi kuibeba kwa sababu kipande cha shina au cha tunguu kikikaa bila udongo kwa muda mrefu bado huchipua. Ajabu ni kwamba mimea ya kijani ya mashariki mwa Polinesia haizai mbegu zinazoota. Ikiwa hivyo, kila kichaka kilichoko huko kimetokana na mkono wa mtu aliyekata kipande na kukichomeka mahali.

Hawaii majani yake yanafungia chakula kinachookwa kwenye tanuri la ardhini, yanafumwa sketi za ngoma ya hula, na yalifungwa kwenye kamba ndefu za kufukuzia samaki kuelekea wavuni. Watu huipanda kuzunguka nyumba kwa imani kwamba inazuia mabaya. Nyanda za juu za Papua Guinea Mpya hupandwa kama alama ya mpaka wa shamba, na wanaume huvaa fungu la majani yake nyuma, kwenye mkanda, kama vazi. Kwenye kisiwa cha Raiatea mmea huu unahusishwa na sherehe ya kutembea juu ya mawe ya moto, mawe ya tanuri lile lile la kuokea matunguu yake.

Inaliwa?

Inaliwa, lakini si kwa kuchuma na kutafuna. Chakula kiko chini ya ardhi, kwenye lile tunguu, na kwa Cordyline australis kiko pia ndani ya shina la mti mchanga. Sukari imehifadhiwa humo katika umbo la minyororo mirefu ya fruktosi ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuivunja. Ukila mbichi utapata nyuzi na uchungu. Minyororo hiyo hukatika kwa joto la muda mrefu, na hapo ndipo utamu unapotoka.

Wamaori walijua hilo kwa vitendo. Walivuna majira ya kuchipua na mwanzo wa kiangazi, kabla nguvu ya mti haijaenda kwenye maua. Walimenya mashina machanga na matunguu, wakayaanika juani, kisha wakayaweka kwenye shimo lenye mawe yaliyopashwa moto, wakafunika kwa majani na udongo na kuacha mvuke ufanye kazi siku nzima au zaidi. Kilichotoka kiliitwa kāuru, kitu cha kahawia, kitamu sana, kilichosagika kati ya nyuzi. Kilitafunwa na nyuzi zikatemwa, au kilipondwa kikachanganywa na vyakula vingine kama kiungo cha utamu. Kilipokaushwa kilikaa muda mrefu bila kuharibika. Kusini mwa Nyuzilandi, ambako viazi vitamu havikustawi, jambo hili lilikuwa na uzito wake. Mabaki ya mashimo hayo yanaonekana mpaka leo, mengine ya upana wa mita kadhaa, na ukifikiria kuni na mawe yaliyohitajika unaona kwamba hii ilikuwa kazi ya ukoo mzima.

Hawaii tunguu la Cordyline fruticosa liliokwa kwa njia hiyo hiyo. Baadaye, mabaharia walipoingia na ujuzi wa kukeneka, sukari yake ikageuzwa pombe kali inayoitwa okolehao. Walowezi wa Nyuzilandi nao walitengeneza bia kutokana na tunguu la Cordyline australis.

Ni kweli haiungui?

Inaungua majani. Shina la Cordyline australis haliwaki kirahisi, kiasi kwamba walowezi wa Kizungu walitoboa magogo yake wakayafanya dohani za vibanda vyao. Ni dohani ya mti, na moto unawaka chini yake. Kwa kuwa magogo hayo hayaozi haraka pia, hoja yao ilikuwa na maana.

Moto mkubwa ukiua sehemu ya juu, tunguu hubaki salama chini na kuchipua upya. Ndivyo ilivyo pia ukiukata mti kwa shoka. Sifa hii iliwafanya Wamaori waipande kando ya njia na kwenye mipaka: alama isiyofutika kwa moto wala kwa kukatwa.

Huchanua lini, na maua yake yana harufu?

Yana harufu, tena tamu na nzito, hasa ya Cordyline australis. Huchanua kati ya Oktoba na Desemba kwao, na kila ua halizidi milimita sita hivi. Shada moja hubeba maua 5,000 hadi 10,000, kwa hiyo usiangalie ukubwa wa ua. Hauchanui kwa wingi kila mwaka. Baada ya kila miaka mitatu hadi mitano huja mwaka ambao miti yote inafurika maua, na Wamaori husema hiyo ni dalili ya kiangazi kirefu cha joto.

Ndege wa tūī hufuata mbochi, hua mkubwa wa msituni aitwaye kererū hufuata matunda, na mijusi ya usiku huonekana ikilamba maua.

Nani anatoboa majani ya mti wangu?

Kama uko Nyuzilandi na unaona majani ya Cordyline australis yamepigwa mashimo na kung'atwa pembeni, mhusika ni kiwavi wa nondo Epiphryne verriata. Hujificha mchana ndani ya kichwa cha majani machanga na kula usiku. Jani linapokua na kufunguka, jeraha lililokuwa dogo hurefuka nalo.

Nondo mwenyewe ni wa kutazamwa. Ana rangi ya jani kavu na mistari myembamba iliyonyooka kwenye mabawa. Akitua juu ya jani lililokufa hujigeuza mpaka mistari yake ilingane na mishipa ya jani, halafu unampoteza ingawa ulikuwa unamwangalia. Mti haufi kwa ajili yake. Mimi singepulizia dawa.

Kwenye vyungu wasumbufu ni wengine: utitiri mwekundu hewa ikiwa kavu, vidung'ata kwenye maungio ya majani, na wadudu magamba. Futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, rudia.

Nilisikia miti mingi ilikufa ghafla Nyuzilandi. Kwa nini?

Kuanzia 1987 miti ya Cordyline australis kaskazini mwa nchi ilianza kufa bila sababu iliyoonekana. Majani yalianza kuwa ya manjano, yakaanguka, na mti uliokuwa mzima ukawa gogo tupu ndani ya miezi. Sehemu zingine palibaki safu za vigogo vitupu.

Aliyesababisha ni fitoplasma, kiumbe mdogo wa jamii ya bakteria asiye na ukuta wa seli, anayeishi ndani ya mishipa inayosafirisha sukari ya mmea. Hasambai kwa upepo. Hubebwa na kidudu kidogo kinachofyonza utomvu, ambacho kwao hasa ni kwenye mmea mwingine wa nyuzi wa huko, harakeke. Kwa hiyo dawa ya kuvu haikusaidia kitu, na kupogoa pia hakukusaidia. Wimbi lile kali limepungua tangu hapo.

Miti iliyobaki peke yake malishoni ina shida yake tofauti. Ng'ombe na kondoo hula kila mche unaoota chini yake na kuchubua gome, na mti ukizeeka hakuna wa kurithi nafasi. Huo si ugonjwa, na uzio unatosha kuuzuia.

Inavumilia baridi kiasi gani?

Inategemea spishi. Cordyline fruticosa ni ya tropiki na jalidi moja tu huiharibu. Cordyline australis huvumilia mpaka karibu nyuzi 10 chini ya sifuri kwa muda mfupi, ndiyo maana imepandwa kwa wingi kusini-magharibi mwa Uingereza, Ayalandi na kisiwa cha Man, ambako wenyeji huiita mnazi bila haya. Baridi kali ya Desemba 2010 iliua vichwa vya miti mingi huko. Waliong'oa mashina haraka walipoteza. Waliokata sehemu iliyooza na kusubiri waliona machipukizi mapya kutoka chini msimu uliofuata, kwa sababu ile ile ya tunguu.

Naizalishaje?

Kama unataka rangi ile ile, tumia kipande cha mmea, si mbegu. Mbegu za aina zenye rangi hutoa watoto wa kila namna, wengi wakiwa kijani au kahawia iliyofifia.

Njia rahisi ni ya shina. Kata shina lisilo na majani vipande vya sentimita tano hadi kumi, uvilaze juu ya mchanga wenye unyevu, nusu ndani na nusu nje, mahali penye joto na mwanga usio wa jua kali. Angalia makovu ya majani, zile pete zinazozunguka shina. Juu ya pete mojawapo utaona kijidoa kimevimba, kikapasua gome, kikatoa ncha ya waridi au kijani. Chipukizi likiwa na majani manne au matano na mizizi yake yenyewe, lihamishie kwenye chungu. Kichwa ulichokikata usikitupe. Punguza majani yake nusu na ukichomeke, kitaota.

Njia ya pili haitumiki sana lakini naipenda zaidi. Ukibadilisha chungu, vunja kidole kimoja cha tunguu na ukipande. Huchipua kwa nguvu kuliko kipande cha shina kwa sababu kimekuja na chakula chake.

Mbegu za spishi za porini huota vizuri ila kwa taratibu, kuanzia wiki kadhaa hadi miezi. Ganda lake jeusi ni gumu kupitisha maji. Zioshe nyama yote ya tunda kwanza.

Ncha za majani zinakauka na kuwa kahawia. Maji au jua?

Kwa Cordyline fruticosa, mara nyingi si ukosefu wa maji bali ni kilichomo ndani ya maji. Mmea huu haupatani na floraidi, ambayo hutiwa kwenye maji ya bomba ya miji mingi na pia hupatikana katika mbolea ya superfosfeti. Floraidi husafiri na maji mpaka ncha ya jani na kujikusanya hapo. Tumia maji ya mvua, achana na superfosfeti, na majani mapya yatatoka safi. Yaliyoharibika hayaponi. Hewa kavu ya ndani ya nyumba huzidisha tatizo.

Majani ya chini yakianguka moja moja, hiyo ni kawaida. Yakianguka mengi kwa pamoja na tako la shina likawa laini, umezidisha maji na tunguu linaoza.

Rangi nyekundu inafifia kuwa kijani. Nifanyeje?

Ongeza mwanga. Wekundu unatokana na anthosianini, rangi ambayo mmea huitengeneza wenyewe, na mmea hautengenezi nyingi ukiwa gizani. Usiutoe kivulini na kuuweka jua la mchana siku hiyo hiyo, utaungua. Usogeze taratibu. Na ujue kwamba jani lililokwisha kukomaa halirudishi rangi, unasubiri mapya.

Ina sumu kwa mbwa na paka?

Ndiyo. Cordyline fruticosa ina saponini, kemikali ya mmea yenye sumu kwao. Mnyama akitafuna majani anaweza kutapika, kutokwa mate mengi na kukataa chakula, na mboni za paka hutanuka. Weka chungu juu, na ukiona dalili mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Majani makavu yanaanguka kila siku. Kuna dawa?

Hakuna. Huu ni mti unaodondosha, na anayekuuzia hatakwambia. Majani ya Cordyline australis ni magumu, hayaozi haraka, na yakiingia kwenye mashine ya kukatia nyasi yanajizungusha kwenye mhimili mpaka inasimama. Usiupande katikati ya ukoka. Upande pembeni, na mimea ya kufunika ardhi chini yake. Majani yaliyokusanywa hufaa kufungia vitu, na yakifumwa hutoa kamba imara. Wamaori walifuma viatu na nyuzi za uvuvi kwa majani haya haya.

Imekuwa ndefu mno kwenye chungu. Naweza kuikata kichwa?

Kata. Chagua kimo unachotaka, tumia kisu kikali, na ufanye hivyo wakati mmea unakua, si wakati wa baridi. Baada ya wiki chache machipukizi mawili au zaidi yatatoka chini ya kidonda, na utakuwa umefanya kwa kisu kile ambacho ua lingefanya. Punguza maji mpaka majani mapya yatokee, kwa kuwa shina lisilo na majani halinywi, na udongo uliolowa muda huo ndio unaoua mimea mingi iliyokatwa.

Na kuihamisha ikiwa imeshakuwa mti?

Miti ya Cordyline australis huhamishwa ikiwa mikubwa kuliko miti mingi inavyoweza kuvumilia, mradi usikate tunguu. Chimba kwenda chini kuliko unavyodhani inatosha, maana haliendi pembeni. Fupisha majani kwa nusu, funga yaliyobaki pamoja, panda kwa kina kile kile cha mwanzo, na uweke nguzo za kuzuia upepo kwa msimu mmoja. Mti ukidondosha majani yote usiung'oe. Kwaruza gome kidogo kwa kucha karibu na ardhi: ukikuta nyama imara na yenye unyevu, endelea kumwagilia.